Nilibadilisha triga ya bastola yangu, kisha nikairudisha ya kiwandani

Risasi ile ilitoka kabla sijaamua itoke. Nilikuwa kwenye mstari wa kufyatulia, miwani na vizuia masikio nimevaa, mtutu unatazama mbele, na kidole ndiyo kwanza kilikuwa kinagusa triga ili nianze ule mvuto wa mwanzo niliouzoea. Bastola ikalia. Tundu likaonekana kwenye ubao chini ya karatasi, mahali ambapo sikuwa nimelenga kitu. Msimamizi wa uwanja akanigusa bega na kuniambia kwa sauti ya chini, "Toa magazini. Fungua slaidi. Weka mezani." Nikafanya hivyo huku mikono ikitetemeka.

Hakuna aliyeumia. Mtutu ulikuwa umeelekea kwenye tuta la udongo, na hilo pekee ndilo lililoniokoa. Ilikuwa wiki ya pili tangu niweke triga mpya, nyepesi, iliyosifiwa kila mahali nilipotafuta habari zake. Naandika haya kwa ajili ya mwenye bastola halali na kibali chake, anayeona risasi zake haziendi anakotaka, na ambaye ameanza kuishuku triga aliyoikuta kwenye silaha. Nami nilianzia hapohapo.

Yangu ni bastola ya milimita 9 yenye fremu ya plastiki, isiyo na nyundo ya nje, ya kundi moja na Glock. Katika bastola za namna hii, mwendo wa slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza juu ya fremu, huivuta pini ya kugongea kwa sehemu tu, na sehemu iliyobaki humaliziwa na kidole chako. Ndiyo maana triga zake huhisiwa kama zina vituo. Kwanza kuna mwendo mlegevu, kisha unafika kwenye kitu kama ukuta, unasukuma, ukuta unasogea kidogo na kukwaruza, halafu pini inaachiwa. Baada ya hapo triga inatakiwa irudi mbele umbali fulani ndipo iwe tayari kwa risasi nyingine.

Yangu ilikuwa inakwaruza. Hilo ni kweli, sikuliota. Ukiivuta polepole bila risasi ndani, ulisikia chembechembe kama mchanga kabla ya kuachia. Na karatasi zangu za shabaha zote zilisema jambo moja: chini kushoto. Natumia mkono wa kulia. Mita 7, chini kushoto. Mita 15, chini kushoto zaidi, huku risasi kumi zikitawanyika kwa sentimita 19 kutoka moja hadi ya mbali nayo kabisa. Nikasogeza kilengeo cha nyuma, zikahamia kulia lakini zikabaki chini. Nikabadilisha aina ya risasi. Mwishowe nikahitimisha kwamba tatizo ni triga.

Hitimisho lenyewe lilikuwa na mantiki, na mantiki hiyo ndiyo inayowanasa wengi. Chukua Glock 17, ambayo vipimo vyake vinajulikana. Ikiwa tupu bila magazini ina takriban gramu 630. Triga yake ya kiwandani huachia kwenye takriban kilo 2.5. Maana yake kidole kimoja kinavuta nguvu ya karibu mara nne ya uzito wa kitu chenyewe unachojaribu kukituliza. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni kama milimita 165. Basi kilengeo cha mbele kikiyumba milimita 1 tu wakati unavuta, kwenye mita 15 risasi itakuwa imehama sentimita 9. Milimita moja! Ukishaona hesabu hiyo, ni rahisi kusema: nikipunguza nguvu ya kuvuta, mtikisiko nao utapungua. Ni kweli utapungua. Nilichokosa kujiuliza ni kama mtikisiko wangu ulitokana na uzito wa triga au na kitu kingine kabisa.

Nikanunua seti nzima: triga ya alumini iliyonyooka, kipande cha kuachilia pini chenye pembe tofauti, na springi tatu, mojawapo ya pini. Kwa fedha zile ningepata risasi 750. Nazitaja risasi kwa makusudi, kwa sababu mpiga shabaha ndizo anazokosa kila mwezi, na sikufanya ulinganisho huo hadi fedha zilipokuwa zimekwisha kutoka. Ongeza malipo ya fundi baadaye, springi nyingine za kiwandani nilizolazimika kununua, na risasi nilizochoma nikitafuta kosa lililoletwa na seti yenyewe. Jumla ilikaribia mara mbili ya nilichopanga.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuifunga mwenyewe jikoni usiku, nikifuata video. Sikuwa fundi. Nilijua kusafisha bastola, nikadhani hiyo inatosha. La pili, sikupima. Sikujua triga ya zamani ilikuwa inaachia kwenye kilo ngapi, na sikujua mpya inaachia kwenye ngapi. Nilijua tu kwamba mpya ni "tamu". Na kweli ilikuwa tamu: fupi, laini, ikikatika ghafla kama kijiti kikavu. Nilikaa nikiivuta bila risasi nusu saa nzima, nikifurahi.

Siku ya kwanza uwanjani karatasi ilikuwa nzuri kidogo. Sentimita 16. Nikarudi nyumbani nikiamini nimetatua tatizo.

Siku ya pili bastola ilianza kukataa. Navuta, nasikia "tik", kimya. Mara ya kwanza nikalaumu risasi. Mara ya nne nikaiokota ile iliyokataa nikaiangalia kitako chake: kwenye fataki, kile kidonge cha katikati ya kitako kinachowasha baruti kikigongwa, palikuwa na kidimbwi kidogo sana, kama mtu aliyebonyeza kwa ncha ya kalamu. Ile iliyolipuka kando yake ilikuwa na shimo la kina kinachoonekana wazi. Springi ya pini niliyoweka ilikuwa dhaifu. Kidole kiliifurahia kwa sababu kilikuwa na kazi ndogo ya kuisukuma, lakini springi hiyohiyo ndiyo inayoipa pini nguvu ya kuilipua risasi. Sehemu ya wepesi niliokuwa naufurahia ilitoka hapo, kwenye pigo. Kwa silaha ambayo mtu anaitegemea kwa ulinzi, hapo tu mjadala umekwisha.

Halafu mara mbili triga haikurudi mbele. Nilifyatua, nikalegeza kidole, na triga ikabaki imelala nyuma, imekufa. Na wiki ya pili ikaja ile risasi niliyoanza nayo.

Nilichukua bastola kwa fundi wa silaha, mzee ambaye haongei sana. Aliifungua juu ya kitambaa cheupe, akapanga vipande kwa mpangilio, akavitazama kwa kioo cha kukuzia. Kabla ya hapo alikuwa ameitundikia uzito. Mtutu juu, ndoano kwenye triga, vipande vya chuma vinaongezwa kimoja kimoja hadi pini iachie. Alirudia mara kumi na kuandika kila jibu. Mara kilo 1.3, mara 1.7, mara 1.4. "Ndugu yangu," akaniambia, "wepesi si tatizo lake kubwa. Tatizo ni kwamba haijui yenyewe itaachia wapi." Kisha akaitundikia ya rafiki yangu, ya aina ileile na ya kiwandani: 2.5, 2.6, 2.5, 2.6, 2.5. Nzito, yenye kukwaruza, lakini inasema jambo moja kila ukiiuliza.

Hapo ndipo nikaelewa kilichonitokea mstarini. Kidole changu kilikuwa kimefundishwa kwa maelfu ya risasi kwamba kilo moja na nusu ya mwanzo ni ya kujiandaa tu. Nilipoweka triga inayoweza kuachia kwenye kilo 1.3, kidole kiliendelea na desturi yake. Mvuto wa kujiandaa ukageuka kuwa mvuto wa kufyatua. Na kwa kuwa triga haikuwa na kituo kimoja, zile siku za furaha jikoni hazikunifundisha chochote cha kutegemea.

Aliniuliza swali jingine ambalo sikuwa nimelifikiria: ikianguka? Bastola hizi zina vizuizi vya ndani. Glock ina vitatu: kile kiulimi kidogo kilicho usoni mwa triga, kizuizi cha pini, na kizuizi cha mshtuko wa kuanguka. Vyote hufunguka kwa mpangilio triga inapovutwa, na vyote vimepimwa vikiwa pamoja na vipande vya kiwandani. Ukibadilisha umbo la kimoja, umegusa hesabu ya vingine. Hata uzito wa triga kama kipande cha chuma una maana, kwa sababu kitu kizito kikianguka na kusimama ghafla kina hamu ya kuendelea na safari. Mwaka 2017 kampuni ya silaha ya SIG Sauer ilitangaza mpango wa hiari wa kuboresha bastola zake za P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka, na mojawapo ya marekebisho ilikuwa kuweka triga yenye uzito mdogo. Kama kiwanda chenye wahandisi na mitambo ya majaribio kinaweza kukutana na jambo kama hilo, mimi na bisibisi yangu jikoni tulikuwa na uhakika gani? Hakuna.

Jambo la mwisho kutoka kwenye meza ile, na nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakilifanya: usichukue tupa wala karatasi ya msasa ukaanza kulainisha kingo za kipande kinachoshika pini. Vyuma vingi vya humo vimefanywa vigumu juujuu tu, ngozi nyembamba ngumu juu ya chuma laini. Ukiikwangua ngozi, triga itakuwa nzuri ajabu kwa siku chache, halafu kingo italika. Bastola inaweza kufyatuka slaidi inapofunga, kidole chako kikiwa mbali.

Fundi akarudisha vya kiwandani. Akasafisha njia ya triga, akaweka tone la mafuta mahali panapotakiwa, na nusu ya ule mchanga niliokuwa nausikia ukapotea. Ulikuwa uchafu. Ile nusu nyingine ilipungua yenyewe baada ya risasi mia kadhaa, vipande vilipozoeana.

Nilibaki na tatizo langu la chini kushoto, na fedha sina. Mwalimu mmoja wa shabaha, mama mtulivu mwenye subira, akaniomba magazini zangu. Akageuka, akazijaza akiwa amenipa mgongo, akachanganya risasi za kweli na mbili tatu za bandia bila kuniambia zimekaa wapi. Akasema, "Piga kama kawaida yako."

Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ilikuwa ya bandia. Bastola haikulia, na mbele ya macho yangu mtutu ukazama chini kushoto kama mtu anayepiga nyundo, karibu upana wa kidole. Hakukuwa na mlipuko wa kuficha aibu hiyo. Nilikuwa nausukuma mtutu chini kuusubiri mshtuko, nusu sekunde kabla haujaja, na nilikuwa nafanya hivyo kila risasi kwa miaka miwili. Yule mama hakusema neno. Aliniangalia tu, nami nikajua kwamba hakuna triga duniani ambayo ingeniponya. Triga nyepesi ilikuwa imenipa sentimita tatu kwa sababu ilinipa muda mfupi zaidi wa kuharibu.

Tulichofanya baada ya hapo hakikugharimu kitu. Kila usiku, dakika kumi, bastola tupu iliyokaguliwa kwa jicho na kwa kidole, risasi zote zimefungiwa chumba kingine, ukuta imara mbele. Sarafu juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele. Vuta hadi iachie, sarafu isianguke. (Bastola za kisasa za milimita 9 nyingi huvumilia kufyatuliwa tupu, lakini soma kitabu chake kwanza, na zile za .22 usizifanyie hivyo ovyo, kwa sababu pini inaweza kugonga ukingo wa chemba yenyewe.) Wiki ya kwanza sarafu ilianguka kila mara ya tatu. Pia alinibadilishia kipande cha nyuma cha mshiko. Bastola yangu ilikuja na vipande vitatu vya ukubwa tofauti, viko ndani ya boksi tangu siku niliyoinunua, sikuwahi kuvigusa. Mkono wangu ni mdogo. Kwa kipande kidogo, kidole kiliifikia triga kwa nyama ya ncha yake badala ya kuivuta kwa pembeni, na ile "kushoto" ikapungua siku hiyohiyo. Wiki kadhaa za kuilaani triga, na nusu ya dawa ilikuwa kwenye boksi.

Baada ya wiki sita tulifanya jaribio ambalo ningelifanya mwanzo kama ningekuwa na akili ya kuuliza. Mita 15, risasi kumi kwa bastola yangu ya kiwandani, kisha risasi kumi kwa bastola ya mshindani mmoja wa aina ileile iliyowekewa triga nzuri na fundi, tukibadilishana, mara tatu. Yangu: wastani wa sentimita 11. Yake: 10. Kumbuka nilikotoka, 19.

Sasa niseme upande wa pili, maana sitaki mtu aondoke akidhani kila triga ya kiwandani ni takatifu. Zipo nzito kupita kiasi. Polisi wa jiji la New York kwa miaka mingi walibeba bastola zenye triga ya pauni 12, yaani karibu kilo 5.4, zikiwekwa hivyo kwa makusudi ili kupunguza risasi za bahati mbaya, na ugumu wa kulenga kwa triga ya namna hiyo umelalamikiwa muda mrefu. Kama yako ni nzito hivyo, au mkono wako ni dhaifu kwa umri au maradhi, kuipunguza kwa vipande vya kiwanda chenyewe, kwa mkono wa fundi, ni jambo la busara. Viwanda vingi huuza kipande chao chepesi kidogo, kilichopimwa pamoja na springi zao.

Na kwenye mashindano faida ipo wazi. Yule mshindani mwenye triga ya fundi anapiga kwa kasi, na triga yake inayorudi kwa mwendo mfupi inampa sehemu ndogo ya sekunde kati ya risasi na risasi. Ukizidisha kwa risasi ishirini, ni ushindi. Lakini naye anafuata mipaka. Katika bastola ya mita 25, kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, zinataka triga isipungue gramu 1000, na bastola ya hewa ya mita 10 isipungue gramu 500, na waamuzi huipima kwa kutundika uzito, kama mzee wangu alivyofanya. Mtu aliyebadilisha triga bila kupima anaweza kusafiri hadi mashindanoni akarudishwa mlangoni. Tena bastola yake ya mashindano haibebi kiunoni. Ina kazi moja, na kidole chake kinaijua kwa maelfu ya risasi.

Ya kubeba, mimi singeigusa tena. Mapigo ya moyo yakipanda, vidole hupoteza hisia, na kile kilo moja cha ziada ndicho kinachotenganisha kuweka kidole na kufyatua. Triga nyepesi huongeza pia hatari ya kuirudisha bastola kwenye ala, pindo la shati likiingia mahali pa kidole. Na yakitokea ya kutokea ukajikuta mbele ya hakimu, utaulizwa kwa nini uliifanya silaha iwe rahisi kufyatuka. Kabla ya yote, soma masharti ya kibali chako, kwa sababu kuna sheria zinazotaka mabadiliko ya silaha yafanywe na fundi mwenye leseni peke yake, na dhamana ya kiwanda mara nyingi hufa siku unapoweka kipande cha mwingine.

Anayeniuliza kama anunue seti, simjibu moja kwa moja. Namwomba magazini yake nimchanganyie risasi mbili za bandia. Kama mtutu umetulia pini inapoachia bila mlipuko, mwenye mkono huo anastahili triga nzuri na ataitendea haki, basi amtafute fundi, aipime kabla na baada, kisha apige angalau risasi mia mbili za aina anayoitumia kabla ya kuiamini. Kama mtutu umezama, tunaanza na sarafu.

Seti yangu bado ninayo, kwenye mfuko wake, pamoja na karatasi ya mzee yenye zile namba kumi zisizolingana. Springi ya pini haimo. Niliikata vipande kwa koleo siku ileile nilipotoka kwa fundi, ili asije mtu akaiokota na kuiweka kwenye bastola yake.